Ifunge Kabla Foleni Haijafika

Bombambili, Songea

Kwa mwanangu Kasian,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Hali yako naijua. Asubuhi umekunywa chai umesimama, umeacha muhogo nusu kwenye sahani, umetoka mbio kwenda kusaidia kupakia mashine kwenye lori la Bwana Haule. Hali yangu utaiona kwenye mwandiko. Nimekaa, nimeinuka, nimekwenda kuangalia maharage, nimerudi, nimesikia lori barabarani nikatoka tena, kumbe si lenyewe. Hata ukurasa mmoja sijamaliza.

Nakuandikia kwa sababu juzi nilishindwa kusema. Nilikuomba usiende Tunduru na mashine ile. Ukaweka tonge chini, ukaniambia kwa upole, kwa sauti ile ile ya baba yako: "Mama, ajali haina kinga. Hata nikikaa hapa hapa, ukuta unaweza kuniangukia." Mimi nikanyamaza, nawe ukadhani nimekubali. Sikukubali. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na jibu lake lilinichukua muda mrefu kulipata. Nililipata mahali ambapo sijawahi kukuambia kwamba nilikuwa nakwenda.

Habari za kuchemsha maji ya kunywa na kufua soksi sitaandika. Hayo unayajua, na usipoyafanya tumbo na miguu vitakukumbusha. Nataka kukuandikia habari ya mashine.

Mimi na wewe hatujawahi kuitaja kwa jina lake humu ndani, basi leo niiandike. Mashine ya kusaga unayokwenda kuiendesha ndiyo iliyomuua baba yako. Ilikuwa ya ushirika. Ushirika ulipoishiwa nguvu, ikafungiwa miaka kadhaa mpaka panya wakazaa kwenye kinu. Sasa kila mwenye chochote ananunua kilichokuwa cha wote, na Bwana Haule ameinunua kama chuma chakavu, ameitengeneza, anaipeleka Tunduru kwa wachimba mawe ya vito ambao wamejaa kule na wote wanataka ugali. Amekuchagua wewe kwa kuwa umejifunza injini gereji, na kwa sababu nyingine aliyoitamka mbele yangu bila kufikiri: "Mtoto wa Komba ataijua tu." Simlaumu. Kazi ni kazi, na wewe umeitafuta muda mrefu.

Baba yako alikuwa anarudi nyumbani mweupe. Nyusi nyeupe, kope nyeupe, masikio meupe. Ulikuwa unamkimbilia ukipiga kelele, "Babu amekuja!" na yeye anainama, anatetemesha sauti, "Babu anataka uji." Halafu anagonga viatu pale kizingitini, kimoja kwa kingine, na zinabaki nyayo mbili za unga. Ulipenda kuweka miguu yako midogo ndani ya zile nyayo. Mimi nilizifagia kila siku huku nanung'unika kwamba nimeolewa na debe la sembe. Siku hizi kizingiti changu ni safi kabisa, na sijui nimnung'unikie nani.

Alikuwa anaijua mashine kwa sauti. Akiwa amekaa hapa nje siku ya mapumziko, fundi msaidizi akiwa zamu, alisikiliza kutoka mbali akasema, "Hayo mahindi mabichi. Mkanda utaruka sasa hivi." Na kweli injini ilipandisha mlio, ikawa inazunguka bure, kisha kelele za kina mama zikafika mpaka hapa.

Nataka uelewe jambo la huo mkanda, maana ndilo lenyewe. Mkanda unatoka kwenye injini kwenda kwenye kinu. Mahindi yakiwa na unyevu, kinu kinakuwa kizito, mkanda unateleza unatoka kwenye puli. Kuurudisha ni kazi ndogo. Lakini zamani, mashine ilipokuwa mpya, juu ya mkanda kulikuwa na chuma. Ili kuurudisha mkanda, fundi alilazimika kwanza kufungua nati nne, kukitoa kile chuma, kuuvisha mkanda, kukirudisha chuma, na kufunga nati nne tena. Na foleni imesimama.

Unazikumbuka foleni za Jumamosi? Zilianzia mlangoni zikafika barabarani. Mashine moja, na watu wa Bombambili nzima na wa ng'ambo ya mto. Debe kichwani, mtoto mgongoni, jua utosini. Nilikuwa nasimama foleni kama wengine, maana baba yako hakutaka watu waseme mke wa fundi anapitishwa dirishani. Mkanda ukiruka, maneno yalianza.

"Fundi, umelala na mashine humo?"

"Komba! Tumekuja kusaga au kuchumbiwa?"

"Mkewe si huyu hapa? Mama Kasian, mwambie mumeo atoke na unga!"

Na siku moja mimi, mwanangu, kwa kutaka kuchekesha watu, nilijibu kwa sauti kubwa kuliko wote: "Msinitazame mimi! Hata nyumbani ndivyo alivyo, kifungo kimoja cha shati anafunga mpaka jogoo anawika!"

Foleni nzima iliangua kicheko. Na yeye alicheka, nilimwona kwa dirisha, mabega yalimtikisika, alikuwa anacheka hivyo. Siku ile kile chuma hakukirudisha. Alikiegemeza ukutani, akawasha, unga ukatoka, sote tukarudi nyumbani mapema na tukamsifu.

Sisemi ni siku ile tu. Kwa muda kidogo alikuwa anakirudisha jioni. Kisha nati moja ikapotea kwenye pumba, na ilikuwa miaka ile ambayo hata sabuni ulitafuta kwa kujuana. Nati ya saizi ile Songea nzima haikuwepo. Aliandika ombi kwa ushirika, ushirika ukaandika mkoani, na mkoani nadhani wakaandika mahali. Chuma kikaendelea kukaa ukutani. Watu wakajikwaa nacho. Mwishowe jioni moja alikuja anasukuma baiskeli, kile chuma amekifunga nyuma kwa kamba ya katani, uso wote meno.

"Mama Kasian, zawadi yako."

Tulikilaza chali juu ya miti minne pale uani. Fremu imara, imepindwa kama mgongo wa kobe, nyaya nene zimesukwa vizuri, kwa hiyo kikilala chali kinakuwa kama mtumbwi na vyombo havidondoki. Majirani walinionea wivu. Vichanja vyao vilikuwa vya mianzi, vinaliwa na mchwa kila mwaka. Changu kilikuwa chuma kitupu. Sahani zako zote za utotoni zimekaukia pale. Usipa wangu wote, dagaa wa kuuza, nimeuanika pale.

Nimeinuka tena. Kuku wamekuja kukwaruza pale penye miti minne, wanashangaa kivuli chao kimekwenda wapi. Nitakueleza.

Mitumba ilipoanza kumwagwa sokoni, nilimnunulia baba yako koti. Unajua baridi yetu ya mwezi wa saba, na nyumba ya mashine ilikuwa na upepo kila upande. Koti zuri, la sufu, rangi ya majivu, lakini aliyelivaa kwao alikuwa na mikono mirefu. Lilimfunika mpaka vidoleni. Akawa anapunga mikono kama padri anayebariki, wewe unacheka.

"Nitaipunguza mikono," nikamwambia.

"Lini?"

"Jumapili."

Jumapili ikapita, na nyingine. Sindano nilikuwa nimeshaichomeka kwenye pazia na uzi wake mweusi. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu, akatoka na fulana tu, na mimi ndiye niliyemfuata mpaka njiani nikamwambia vaa koti lako, utaugua kifua. Akavaa. Mkanda ulishika mkono wa koti. Zaidi ya hapo sitaandika. Ulikuwepo uani walipokuja kuniita.

Msibani kila aliyenishika mkono aliniambia, ajali haina kinga. Wengine walilisema kwa upendo, na upendo huo naushukuru mpaka leo. Katibu wa ushirika naye alikuja, akakaa kwenye kiti tulichomtengea, akasema, "Mama, pole. Ajali haina kinga. Hata sheria inasema hivyo." Watu wakatikisa kichwa kukubali. Nami nikatikisa.

Lakini moyoni nilikuwa nawaza mkono wa koti. Nilikuwa na yakini kwamba nimemuua mume wangu kwa uvivu wa sindano. Mwaka ule nilipunguza mikono ya kila nguo iliyokuwemo humu ndani. Unakumbuka sweta yako ya shule? Niliikata mpaka karibu na viwiko, wenzako wakakuita Fulana. Ulirudi unalia ukaniuliza kwa nini, nikakuambia ndiyo mtindo. Haukuwa mtindo.

Basi sikuwa napata usingizi, na katika kukosa usingizi lile neno la katibu likaanza kuniwasha. Sheria inasema hivyo wapi? Nilitaka niione kwa macho yangu. Si kwa ugomvi. Niliwaza kwamba nikiisoma, kama kweli imeandikwa na serikali kwamba ajali haina kinga, basi nitaweka sindano chini na nitalala.

Hapo ndipo nilipoanza kwenda maktaba ya mkoa. Wewe ulidhani niko sokoni. Jirani yetu Mama Upendo alinifuata siku moja kwa macho, kesho yake akaniuliza hadharani kisimani, "Mjane gani anakwenda maktaba? Au kuna bwana mwenye miwani?" Wenzake wakafa kwa kicheko. Nikamjibu miwani ninayo mimi. Sikuwa nayo.

Siku ya kwanza niliingia na kikapu changu cha usipa. Mtunza maktaba ni Bi Stamili, Myao wa Namasakata kule Tunduru, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alinusa, akatazama kikapu, akasema, "Karibu, mama. Lakini hao samaki hawasomi, waache nje."

Nikawaacha nje. Akaniuliza natafuta nini.

"Sheria inayosema ajali haina kinga."

Hakunicheka. Alifikiri kidogo. "Hiyo methali, mama. Methali haina kifungu."

"Katibu amesema ni sheria."

"Basi tuitafute. Tukiikosa tutajua nani amekosea."

Kasian, mimi niliishia darasa la sita kwa masista, na Kiingereza changu ni cha kusomea jina la dawa. Sheria ya mambo ya viwanda ilikuwa ya Kiingereza, ya zamani, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Bi Stamili aliniwekea kamusi pembeni. Akanionyesha kwamba nyuma ya kitabu kuna orodha ya maneno na kurasa zake, kwa hiyo huhitaji kusoma kitabu chote kama sala ya novena. Unatafuta neno lako, unakwenda moja kwa moja. Nilikwenda siku za Jumanne na Ijumaa baada ya kuuza. Neno kwa neno, kama mtu anayechambua mchele.

Nikafika mahali palipozungumza habari za mikanda na vitu vinavyozunguka. Ilisema sehemu kama hizo lazima ziwekewe kitu fulani. Nikatafuta kitu hicho kwenye kamusi. Kamusi ikasema: ua, uzio, boma.

Ua! Ua ulikuwepo. Kamati ilituita kina mama tukakate mianzi, tukazungushia nyumba ya mashine ili mbuzi wasiingie kula pumba. Mikono yangu mwenyewe ilifunga kamba zile. Basi sheria ilitimizwa, nikawaza, ua uliwekwa, mtu akafa hata hivyo. Katibu alisema kweli. Kilichobaki ni koti.

Nilifunga kamusi nikaondoka bila kuaga, na sikurudi. Ningekaa na jibu lile mpaka kufa kwangu. Nalifikiria sana hilo. Kosa lenyewe lilikuwa neno moja tu, wala kamusi haikuwa imedanganya.

Ni Bi Stamili aliyenifuata. Alikuja sokoni kununua usipa, akauchagua taratibu, akasema bila kunitazama, "Mama, umeniachia kitabu wazi mezani. Kinakusubiri."

"Nimepata nilichotaka. Ua uliwekwa."

"Ua upi?"

Nikamweleza habari ya mianzi na mbuzi. Akasimama na usipa mkononi. "Hapana," akasema. "Hapana, sidhani ni ua huo. Njoo kesho. Kuna kitabu kingine, cha mafundi, kina picha."

Kesho yake akanifunulia. Ilikuwa picha ya injini na mkanda, na juu ya mkanda kulikuwa na kitu kimekaa kama kobe, kimesukwa nyaya, kimefungwa kwa nati nne.

"Hicho changu!" nikasema, kwa sauti ya foleni. Wazee waliokuwa wanasoma magazeti wakageuka.

"Kipi chako?"

"Hicho. Kiko uani kwangu. Kina sahani."

Bi Stamili alitazama picha, akanitazama mimi, akatazama tena picha. Nilimwona anavyoelewa, taratibu, mpaka akaweka mkono mdomoni. Kile kitabu kilikuwa na jina la kitu hicho. Tukalitafuta kwenye kamusi wote wawili, vichwa vimegusana. Jina lake la Kiswahili lilikuwa moja tu, fupi.

Kinga.

"Kwa hiyo ilikuwa nayo," nikasema.

"Ilikuwa nayo, mama."

Baadaye alisema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. Alisema, "Kwetu sisi, ajali ni ile siku ya mtu aliyoiandika Mwenyezi Mungu. Hiyo haina kinga, ni kweli, na methali haikukosea. Lakini mkanda haukuandikwa mbinguni. Mkanda umefungwa na fundi, na kinga yake imefunguliwa kwa spana." Halafu akaniuliza kama nataka maji ya kunywa. Nilitaka.

Niliendelea kwenda hata baada ya hapo, kwa muda mrefu. Nilitaka kujua kama kitabu kimoja kinasema peke yake, nikasoma kingine, na cha tatu ambacho kilikuwa cha Kiswahili, chembamba, cha mafunzo ya wafanyakazi. Vyote vilikubaliana: ule ua wa kwenye sheria ndio kinga yenyewe. Habari ya nguo za kupwaya imo, sikudanganyi. Mkono wa koti umo. Lakini umekaa nyuma. Kila kitabu kilianza na kinga. Hakuna kilichoanza kwa kumwambia fundi uwe mwangalifu. Hilo lilinishangaza, maana sisi ndilo tunaloanza nalo siku zote: kuwa mwangalifu, baba, angalia, mwanangu. Vitabu vilikuwa vinajua kwamba mtu huchoka, huchekeshwa, huhimizwa, husikia baridi akavaa koti. Chuma hakichekeshwi.

Basi maktaba ilinivua lile koti. Ikanivika kichanja. Sijui kipi ni kizito zaidi. Nilirudi nyumbani siku ile nikakuta umeosha sahani bila kuambiwa, umezipanga juu yake vizuri, zinang'aa. Nikakusifu. Nikaingia ndani nikakaa kitandani.

Utauliza kwa nini sikukitoa. Ningekipeleka wapi? Mashine ilikuwa imefungiwa, ushirika umekufa, katibu alishahamia kwao. Sikuwa na wa kumsomea kitabu. Na nikuambie ukweli, kilikuwa pia zawadi ya baba yako. Nikawa naanika vyombo juu ya mambo hayo mawili kila siku.

Mpaka Bwana Haule alipoanza kuitengeneza, na wewe ukaja na uso unaong'aa kusema umepata kazi.

Nimekwenda kwake wiki hii bila kukuambia. Nilimkuta amekaa juu ya tairi anahesabu mikanda mipya. Nikamweleza. Alinisikiliza, si mtu mbaya, kisha akacheka kidogo.

"Mama Kasian, kichanja cha vyombo?"

"Ni kinga ya mkanda, Bwana Haule. Nimeiona kitabuni."

"Mashine nimeinunua hivi hivi, na inasaga hivi hivi."

"Iliua hivi hivi."

Hapo aliacha kucheka. Akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Akasema, "Sikatazi. Kijana akitaka kuifunga aifunge. Ila mimi nikifika kule nataka unga utoke. Wachimba mawe hawana subira, na wenye mashine wengine wameshafika."

Ndiyo ruhusa niliyoipata, mwanangu. Inakutegemea wewe.

Nikamwomba nione mashine. Nilikuwa sijaigusa tangu siku ile. Nilizunguka upande wa mkanda, nikapapasa fremu kwa vidole, na matundu manne ya nati yalikuwepo, yamezibwa kwa grisi na unga ulioganda, magumu kama ugali wa juzi. Unga ule nadhani ni wa wakati wake. Nikayazibua kwa msumari, moja baada ya jingine. Kijana wa Bwana Haule aliniuliza, "Mama, umepoteza nini humo?" Nikamwambia nimeshakipata.

Nati nimezinunua sokoni. Siku hizi zinauzwa chini kwenye turubai, kando ya mitumba, rundo zima, unachagua. Nilisimama pale na nati nne mkononi nikitaka kulia mbele ya muuzaji. Nati ambayo mkoa mzima uliikosa! Akadhani nalilia bei, akaniongezea mbili bure. Kwa hiyo zipo sita.

Asubuhi hii ulipotoka tu, niliondoa vyombo nikakishusha. Nimekisugua kwa mchanga na majivu. Harufu ya usipa haijatoka yote, utanisamehe, na pembeni kuna mahali pamepinda kidogo ulipokuwa unapanda juu kutafuta sukari. Nimekifunga ndani ya gunia la katani na spana ya baba yako. Gunia liko nyuma ya mlango. Utaona ni zito na utataka kuliacha. Vyombo vyangu sasa viko chini juu ya majani ya mgomba, na kuku wanavizunguka.

Nimesikia lori. Safari hii ni lenyewe, nalijua kwa honi. Acha niharakishe, ingawa nimetoka kukuandikia kurasa zote hizi kuhusu kuharakisha.

Sikukatazi tena kwenda. Nilikuwa nakukataza kwa sababu nilikuwa nafikiri wewe ndiye kinga pekee iliyobaki, nikikuweka ndani mashine haitakuona. Huo ulikuwa woga wangu, si malezi. Ukifika kule utaona mambo ambayo mimi sikuyasoma: mashimo, milipuko, vumbi. Neno likikushinda, usikubali jibu la kwanza kama nilivyokubali ua wa mianzi. Uliza, kisha uliza mwingine. Bi Stamili amesema ukimwandikia swali atakutafutia, na jibu atampa dereva yeyote wa huko kwao.

Lakini kile chuma nakuomba ukifunge siku ya kwanza, kabla hujawasha, kabla debe la kwanza halijafika. Foleni ikishasimama hutakifunga, Kasian. Hutaweza. Baba yako alikuwa mtu mzuri kuliko mimi na wewe, na hakuweza, kwa sababu alikuwa anawapenda waliokuwa wanasubiri. Na mkanda ukiruka, zima injini, fungua nati nne, uvishe, funga nati nne. Watapiga kelele. Watakuuliza kama umelala na mashine. Watakutania habari za kuoa.

Mtazame yule atakayepiga kelele kuliko wote. Atakuwa mwanamke wa makamo, mcheshi, debe kichwani, anapenda watu wacheke. Huyo ni mimi. Mwambie shikamoo, mama. Akiitikia, endelea kufunga nati zako, umwache asubiri.

Mama yako,
Leokadia